Jibu: Kuna profesa wa historia ya bahari tu?

Mkuu, umeuliza kama kuna anayelipwa na chuo kwa kuchimba habari za meli za kale tu. Wapo. Mtazame Jaap Bruijn wa Uholanzi, profesa wa historia ya bahari pale Leiden hadi 2003. Kaandika sana kuhusu jeshi la majini, ila mimi namheshimu kwa orodha aliyoiandaa na wanahistoria wenzake Gaastra na Schöffer, juzuu tatu zilizotoka 1979 hadi 1987: safari zaidi ya 8,000 kati ya Uholanzi na Asia, 1595 hadi 1795. Jina la meli, nahodha, siku ya kung'oa nanga, kutua Rasi ya Tumaini Jema, mara nyingine hata waliofia njiani. Kuisoma inachosha kweli, lakini anayetafuta meli iliyozama ataanzia humo.