Athi si jalala

Wiki hii kaja dogo wa tatu tangu mwaka uanze, kabeba chesisi, lile bati la amplifaya ya gitaa ya valvu, kwapani kama mtoto mwenye homa. "Shikamoo fundi. Inaunguruma." Nikaigeuza tu, hata pasi ya kuchomelea sijachomeka, nikaona kila kitu: athi (waya wa kurudisha umeme, unaoishia kwenye bati) nyingine kachomelea migongoni mwa volyumu, nyingine kwenye boti ya transfoma, moja kwenye skrubu ya mpini. Popote alipoona bati, kamwaga. Nilicheka, nikakasirika, halafu nikakumbuka yangu. Basi wadogo zangu, sikilizeni.

1. Panga kwanza, toboa baadaye. Jeki ya gitaa ikae upande mmoja, transfoma ya umeme upande wa pili. Transfoma ya spika iungie hedifoni, washa ile ya umeme peke yake, kisha izungushe ya spika taratibu juu ya meza. Pale mvumo unapozama ndipo pa kutoboa. Mara nyingi zitaishia zimekingamana kwa nyuzi 90.

2. Nyaya za hita, zile zinazopasha valvu moto, zisokote vizuri na uzibane kwenye kona ya bati. Kama waya wa transfoma wa volti 6.3 hauna sehemu ya katikati, weka rizista mbili za omu 100 kwenda athi. Basi.

3. Athi. Hapa vuteni viti.

Amplifaya yangu ya kwanza ya valvu niliiga Fender Champ ya miaka ya 1950, ile 5F1: valvu mbili za kukuza sauti, 12AX7 moja na 6V6 moja, na valvu ya rektifaya 5Y3, inayonyoosha umeme. Vitu vichache kiasi kwamba hata mlevi angeviunga. Waya wa katikati wa volti kubwa wa transfoma niliufunga karibu na jeki ya gitaa. Kwa nini? Palikuwa na tundu tayari. Sina sababu nyingine.

Nikawasha, ikavuma. Si ule mvumo mzito wa hita, wa mara 50 kwa sekunde, bali wa mara 100, wenye mkwaruzo kama nyuki ndani ya kopo. Nikipunguza volyumu unapungua. Nikichomoa 12AX7 kimya kabisa. Yaani amplifaya ilikuwa inanionyesha kwa kidole: tatizo linaingia kwenye hatua ya kwanza, na linatoka kwenye rektifaya. Mimi nikahitimisha kwamba valvu ni mbovu. Nikanunua nyingine. Nikanunua ya tatu. Nikaongeza ukubwa wa kapasita ya kwanza, ile inayohifadhi umeme baada ya rektifaya, mvumo ukazidi, nikailaumu kapasita.

Kumbe kapasita ya kwanza haijazi umeme polepole kama mtungi chini ya bomba linalodondoka. Hujazwa kwa mateke, mara 100 kwa sekunde, na kila teke lazima lirudi kwenye ule waya wa katikati. Nami nilikuwa nimeyapitisha mateke yote kwenye athi ya 12AX7, valvu inayokuza sauti ndogo kuliko zote ndani ya sanduku. Ukiongeza ukubwa wa kapasita, teke linakuwa kali zaidi.

Sasa sehemu ninayoionea aibu hadi leo. Baada ya wiki tatu nilifungua plagi, nikautoa waya wa kijani na njano, ile athi ya usalama. Mvumo ukapungua kidogo. Nikajiita fundi, nikampa mpiga gitaa mmoja aende nayo harusini. Nilikuwa nyuma ya jukwaa na sahani ya pilau wakati mdomo wake ulipogusa maikrofoni. Alirushwa nyuma pamoja na gitaa lake. Alisimama, akanitazama, hakusema neno. Kama waya laivu ungekuwa umegusa bati, asingesimama.

Usiku ule ule nilirudisha waya wa kijani na njano kwenye boti yake peke yake, na washa (pete) ya meno, karibu na mahali umeme unapoingilia. Haujatoka tena. Kesho yake nikachukua waya wenye vibanio, urefu wa kiganja, nikahamisha ule wa katikati moja kwa moja hadi mguu hasi wa kapasita ya kwanza. Nyuki wote wakafa. Wiki tatu, valvu mbili, na rafiki ambaye mpaka leo hashiki maikrofoni bila kuigusa kwanza kwa nyuma ya kidole.

Kwa hiyo kila hatua irudishe athi yake kwenye kapasita inayoilisha, kapasita zifuatane, na mnyororo mzima ushike bati mahali pamoja tu, upande wa jeki.

4. Rizista ya kilo-omu 68, ile inayopitisha sauti ya gitaa, ichomelewe kwenye pini ya soketi ya valvu, si kwenye jeki.

5. Pima kapasita kwa mita kabla ya kuingiza vidole. Zaidi ya volti 300 hukaa humo hata plagi ikiwa mfukoni mwako. Na ukibaki na sauti ya filimbi baada ya kuunga waya wa kurudisha sauti kutoka spika, badilisha nafasi za nyaya mbili za msingi (upande wa valvu) za transfoma ya spika kabla hujaja kunisumbua.

Chesisi ya yule dogo bado iko mezani. Nimekata kila athi aliyochomelea, sijaunga hata moja. Jumamosi aje na pasi yake mwenyewe.