Mwanangu na mzee mwenye wanja

SWALI: Mwanangu wa kidato cha nne amebandika ukutani picha ya mzee mwenye nywele kama kichaka, wanja jeusi na rangi ya mdomo iliyopakwa ovyo. Siku hizi anavaa nyeusi hata juani, na usiku kucha ni nyimbo kama za matanga. Anasema bendi yenyewe inaitwa The Cure. Ni watu gani hawa? Isije ikawa mambo ya mashetani.
Mama Kijana, Tanga

JIBU: Dada yangu, tulia kwanza. Mzee huyo ni Robert Smith, mwimbaji na mpiga gitaa, mzaliwa wa 1959. Bendi ilianzia Crawley, mji wa kawaida tu kusini mwa London, kwa vijana waliojuana shuleni. Albamu ya kwanza ilitoka 1979. Watu huwaita magothi, yaani wale wa roki ya giza, ingawa Smith mwenyewe jina hilo halitaki.

Mashetani hamna. Huzuni ipo, tena ya kumwaga, hasa kwenye albamu tatu za 1980 hadi 1982. Ile ya tatu jina lake siliandiki hapa. Kijana akikutajia usizimie, ndani hamna uchafu, kuna kukata tamaa tu. Ziara ya albamu hiyo ndiyo iliyowafarakanisha: Smith na mpiga besi, Simon Gallup, walikunjana, Gallup akaondoka. Smith akageuka kutunga vijiwimbo vyepesi, na 1983 kimoja kinachohusu mapaka kikawaingiza kumi bora Uingereza kwa mara ya kwanza. Baadaye Gallup akarudi. Tangu hapo wanaishi hivyo, mguu mmoja msibani, mwingine harusini.

Mimi walinikamata 1991. Kaka yangu aliyekuwa Leicester alinitumia kanda ya dakika 90 aliyoinakili albamu yao ya 1989, Disintegration. Upande wa kwanza ukajaa katikati ya wimbo wa dakika 9 unaoanza kwa mvua na ngurumo. Kaka hakujali, akageuza kanda akaendelea na wimbo mwingine. Miaka na miaka nikawa na nusu wimbo.

Nadhani kilichonishika mimi ndicho kilichomshika mwanao: hawana haraka. Besi ya Gallup ndiyo inayoimba, solo inazungukazunguka palepale, kinanda kimetandazwa chini kama mkeka, na mwimbaji anangoja. Wewe wa mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vile vya taarabu, hutashangaa vyombo kutangulia. Wimbo wa kwanza wa albamu yao ya 2024 una zaidi ya dakika 3 za vyombo vitupu kabla Smith hajafungua kinywa. Walikuwa hawajatoa albamu kwa miaka 16, na hiyo ikapanda moja kwa moja namba moja Uingereza, mahali ambapo hawakuwa wamefika tangu 1992. Humo kuna wimbo anaomlilia kaka yake aliyefariki. Hiyo ni tanzia, dada, kama tanzia zetu.

Kuhusu wanja: mwenye wanja huyo yuko na mke mmoja, mpenzi wake tangu shuleni. Walioana 1988, na zawadi ya harusi akamtungia wimbo uliofika namba 2 Marekani. Wangapi mtaani kwenu wamefanya hivyo? Ukitaka la kumwonya kijana, mwonye pombe. Lol Tolhurst, rafiki wa Smith tangu utotoni na mwasisi mwenzake, alitolewa kwenye bendi 1989 kwa sababu ya ulevi. Nguo nyeusi mwachie jua la Tanga, litamaliza kazi lenyewe.

Jioni moja mwambie akuwekee ule wimbo wa mvua, wote. Mimi nusu ya pili niliisikia 2003, kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Nimekaa wima, nasubiri nione nilichokosa miaka yote ile. Kumbe hakuna kilichotokea: ni ileile, polepole, mpaka inazimika.