Kibao cha mlonge kimeng'olewa: Katiba inanilinda?

SWALI: Wakili, nauza unga wa mlonge sokoni Kongowea. Kibao changu kiliandikwa "Mlonge: unatibu kisukari na presha". Juzi akaja afisa mmoja, akaking'oa akaenda nacho. Mpwa wangu aliye Marekani anasema kule matangazo ya biashara yanalindwa na Katiba. Na sisi si tuna Kifungu cha 33, uhuru wa kujieleza? – Mama M., Mombasa

JIBU: Shikamoo, Mama M. Mpwa wako hakukudanganya, ila kakuhadithia nusu. Jimbo la Virginia liliwakataza wafamasia kutangaza bei za dawa zinazoandikwa na daktari. Tetracycline, dawa ya kuua bakteria, ile ile, eneo lile lile, duka hili dola 1.20, lile dola 9, na mgonjwa hana pa kujulia. Wateja wakashtaki, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta marufuku hiyo. Ilisema wanaoumia zaidi wakifichwa bei ni maskini, wagonjwa na wazee. Hukumu hiyo naipenda mno.

Nusu ya pili ni ya 1980, kesi ya kampuni ya umeme ya Central Hudson. Mahakama hiyo hiyo iliweka sharti la kwanza: tangazo lisiwe la kupotosha. Likipotosha, ulinzi hakuna. Kwa hiyo hata Virginia kibao chako kisingepona.

Kwetu, Kifungu cha 33 hakimbagui mfanyabiashara. Lakini soma na cha 46: Bunge limeagizwa kutunga sheria ili matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya heshima. Na kisukari, Mama, si cha kuchezea. Anayeishi kwa insulini akiamini kibao chako akaacha sindano, atakufa.

Hapo kwenye maneno afisa hakukosea. Alivyofanya ndiko kunakonikera. Alikuachia barua yoyote? Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi hatua ya serikali inapokugusa haki yako. Nenda ofisini kwao ukaidai hiyo barua, na kibao chako pia. Wakikuzungusha, andika tarehe na jina la aliyekupokea.

Kibao kipya kiseme: unga wa mlonge, umekaushwa kivulini, gramu 250, na bei yake. Bei iandike kubwa, hata wa ng'ambo ya barabara aisome. "Unatibu" liache mpaka Bodi ya Famasia na Sumu iukague unga wako na kuusajili.