Maswali na Majibu: Mkanda wa Tangi la Samaki Umekatika

SWALI: Habari za kazi. Nina tangi la samaki la sm 120 kwa 40, kimo sm 50, kioo cha mm 8. Juu lina fremu ya plastiki nyeusi yenye mkanda mmoja unaokatiza katikati, kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma. Mkanda huo umekatika. Nimeubandika kwa supa gluu ukaachia kesho yake. Samaki wamo, maji yamefika sm 47, na kioo cha mbele naona kimetokeza kwa nje. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga

JIBU: Kabla hujasoma mstari wa pili, toa nusu ya maji. Mengine yanaweza kusubiri.

Kwa kina cha sm 47, maji yanakisukuma kioo chako cha mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 130 hivi, na cha nyuma vilevile. Sehemu kubwa ya msukumo huo iko chini, ambako kioo kimeshikwa na sakafu ya tangi. Zinazobaki, kama kilo 40, huelemea ukingo wa juu, nao ulikuwa umeshikwa na mkanda. Mkanda kwenye tangi ni kama lenta kwenye nyumba: ukikatika, ukuta hauanguki saa hiyo hiyo, ila mzigo wake umehamia pengine. Kwako umehamia kwenye silikoni ya pembe nne za wima. Ukipunguza kina kwa nusu, msukumo haupungui kwa nusu, unashuka hadi robo, na ukingo wa juu unaachiwa kilo chache tu.

Supa gluu haikukosea. Mkanda unavutwa pande mbili mchana na usiku, na sehemu iliyobandikwa ni nyembamba, ina unyevu na joto la taa. Gundi ngumu hupasuka hapo. Silikoni nayo haiishiki vizuri plastiki ya fremu hizi. Inachoshika barabara ni kioo kwa kioo, kwa hiyo dawa ni kuiacha plastiki ibaki pambo na kuweka mkanda mpya wa kioo.

Hamisha samaki kwenye pipa au beseni kubwa la plastiki lililotiwa maji yale yale ya tangi. Sponji ya chujio hamisha ikiwa bado mbichi, usiioshe kwa maji ya bomba, maana klorini itaua bakteria wanaosafisha maji. Pampu ya hewa ifanye kazi muda wote. Chakula kipunguze kwa nusu, na kila baada ya siku mbili badilisha robo ya maji. Jiandae kwa wiki mbili na siku kadhaa.

Tangi likishakuwa tupu, vuta uzi kutoka pembe hadi pembe, upande wa ndani wa kioo cha mbele, karibu na ukingo wa juu. Kioo hakina tabia ya kubaki kimepinda. Mzigo ukiondoka kinarudi chenyewe, kwa hiyo uzi ukigusa kioo chote, uko salama. Ukiona mwanya katikati ilhali tangi ni tupu, au silikoni ya pembe imeota weupe na mapovu, ujue viungo vimeshaachia, na hapo mkanda peke yake hautoshi. Tangi zima linatakiwa libomolewe na kubandikwa upya.

Tukichukulia viungo ni vizima, nenda kwa fundi wa vioo na aluminiamu akukatie vipande vitatu vya mm 8: viwili vya sm 110 kwa 5, na kimoja cha sm 38 kwa 15. Upana wa ndani wa tangi lako ni sm 38.4, ndiyo maana cha tatu kimepunguzwa kidogo. Mwambie asage kingo zote. Asikupe mabaki ya kioo kigumu cha milango ya maduka, kwani hicho hakikatiki, husambaratika.

Mafundi wengi watakuambia kipande kimoja cha kukatiza kinatosha, kibandikwe kichwa kwa kioo. Hatukubaliani nao kwa tangi la kimo hiki. Kichwa cha kipande cha sm 15 kina eneo la sm 12 za mraba tu la kushikwa, tena linavutwa moja kwa moja. Ukitanguliza vipande virefu mbele na nyuma, kisha ukakilaza cha kukatiza juu yake, kila upande unapata sm 75 za mraba, na silikoni inavutwa kwa kuteleza badala ya kung'olewa.

Silikoni iwe ile safi inayonuka siki, iliyoandikwa kuwa inafaa matangi ya samaki. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu huua samaki. Tyubu moja ya ml 280 inatosha, lakini angalia tarehe yake. Kamua kidogo kwenye karatasi siku moja kabla: kesho yake ikiwa bado inanata, itupe.

Mahali vipande vipya vitakapokaa, kwangua silikoni ya zamani kwa wembe mpaka kioo kiwe kitupu, kwa sababu mpya haishiki juu ya ya zamani. Futa kwa asetoni kwenye kitambaa cheupe, na usipaguse tena kwa vidole. Plastiki ya fremu isiguswe na asetoni, itayeyuka.

Sasa laza tangi kwa kioo cha mbele juu ya blanketi. Linakaribia kilo 42, muwe wawili. Piga mstari kwa kalamu, mm 12 chini ya ukingo wa ndani wa fremu. Kamua silikoni kwenye mstari, simamisha juu yake kipande cha sm 110 kwa ubavu wake, kisha bonyeza mpaka zibaki mm 2 za silikoni. Ukiikamua yote ikatoka, umebakiza utando usio na nguvu. Kishike kwa tepu, na ulainishe pande zote mbili kwa kidole ndani ya dakika 5, kabla silikoni haijafanya ngozi. Baada ya saa 24 geuza tangi, ufanye hivyo hivyo upande wa nyuma.

Saa 24 nyingine zikipita, lisimamishe. Paka silikoni kwenye vipande virefu, katikati kabisa ya urefu wa tangi, tandaza pasipo mapovu, na ulaze juu yake kile cha sm 15. Vijiti vinne vya kiberiti pembeni vitakupa unene uleule wa mm 2. Vichomoe kesho yake na uzibe matundu.

Hapa ndipo wengi huharibu. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa ikianzia kila ukingo kwenda ndani, kama mm 2 kwa siku. Kiungo cha upana wa sm 5 kinahitaji wiki mbili, hata kama nje kinaonekana kimekauka siku ya pili.

Baada ya hapo suuza mpaka harufu ya siki iishe. Jaza nusu, subiri saa 24. Jaza robo tatu, subiri tena. Halafu hadi sm 45, chini kidogo ya vipande vipya. Tandika magazeti makavu pembeni na upime kwa uzi kila hatua. Mwanya wa mm 1 au 2 usikutishe, ila ukiongezeka siku hadi siku, toa maji.

SWALI: Nimesikia mkanda uliokatika unaweza kuungwa kwa kipande cha akriliki na bolti. Ni kweli? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndiyo, kwa muda. Akriliki ya mm 6, iingiliane na plastiki sm 5 kila upande wa mpasuko, bolti nne za chuma kisichoshika kutu kila upande, matundu yawe sm 1.5 kutoka ukingoni na mapana kidogo kuliko bolti. Toboa polepole, vinginevyo akriliki itapasuka. Fanya kazi hiyo maji yakiwa nusu. Lakini plastiki iliyokatika mahali pamoja kwa uzee itakatika na pengine, na bolti haziwezi kuizuia.

SWALI: Tangi langu ni la sm 60, kina sm 35, kioo mm 6. Mkanda umevunjika. Ni lazima niuweke? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Si lazima. Matangi ya vipimo hivyo huuzwa bila mkanda. Pima kwa uzi likiwa limejaa, kisha tena baada ya wiki. Kama mwanya haujabadilika, liache.

SWALI: Mkanda wangu wa plastiki umebadilika rangi na una nyufa ndogo katikati tu, chini ya taa. Haujakatika. — Msomaji, Nairobi

JIBU: Taa imeukausha. Inyanyue sm 10 juu ya mkanda au iweke kando yake, na usiegemeze mkono hapo unaposafisha wala kulibeba tangi kwa kuushika. Nyufa hizo hazitaziba, kwa hiyo punguza maji kwa sm 10 tangu leo na uagize vioo vya mkanda mpya.