Kamba ya Alice Coachman: kwa walimu wapya wa kuruka juu, Malindi

Kila muhula wa kwanza, pepo za kaskazi zikivuma, mambo ni yaleyale: mwalimu mpya wa michezo ameona kwenye simu watu wakiruka kwa mgongo, ameburuta godoro la bweni hadi kwenye mchanga, na wasichana wamepanga foleni. Jamani, ngojeni kwanza. Kabla hamjapuliza filimbi, mjueni Alice Coachman.

Alizaliwa 1923 Albany, Georgia, wakati viwanja vya mazoezi vya Marekani kusini vilikuwa vya weupe. Alikimbia pekupeku kwenye njia za vumbi na kuruka juu ya kamba na vitambaa vilivyofungwa pamoja. Kuanzia 1939 hadi 1948, miaka 10 mfululizo, hakuna aliyempokonya ubingwa wa taifa wa kuruka juu. Vita vilifuta Olimpiki za 1940 na 1944, miaka ambayo alikuwa na nguvu zake zote. Tarehe 7 Agosti 1948, jijini London, alivuka mita 1.68 akawa mwanamke mweusi wa kwanza duniani kupata dhahabu ya Olimpiki. Hakuruka kwa mgongo. Mtindo huo ulijulikana duniani miaka 20 baadaye, kwa Dick Fosbury kule Mexico, magodoro mazito yalipokwisha kuingia viwanjani.

1. Mgongo usubiri. Anayeruka kwa mgongo hutua kwa mabega, shingo ikiwa karibu. Godoro la mashindano makubwa lina urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kimo cha sentimita 70. Godoro la bweni hubonyea mpaka mtoto anaigusa ardhi, na likiwa juu ya mchanga huteleza. Hapa sisi sote wa kazi hii tuna la kukiri: tumewaita waoga watoto ambao miili yao ilikuwa inawalinda. Tazameni dalili. Msichana aliyekwisha kuumia mara moja hupunguza mwendo katika hatua mbili za mwisho. Akiwa hewani hugeuza kichwa kuitafuta ardhi, kiuno kinashuka, ufito unampiga mapajani. Mwalimu anapiga kelele, “Inua kiuno!” Anarudi, anaruka vilevile, na safari hii anatanguliza mkono ili ajikinge. Kifundo cha mkono kinavunjika. Mwalimu anasema mtoto hakufuata maelekezo, mzazi anamtoa mwanawe michezoni, na kipaji kinaishia hapo. Kiuno hakikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa pale pa kutua, na aliyepachagua ni mwalimu.

Fundisheni mkasi. Mromania Iolanda Balaș alitumia mtindo wa mkasi kufika mita 1.91 mwaka 1961, rekodi ya dunia iliyodumu miaka 10, akachukua dhahabu ya Olimpiki 1960 na 1964. Msichana wa shule ya hapa hana sababu ya kuuona mtindo huo duni. Anayerukia mguu wa kushoto aanzie kulia mwa ufito, kwa mshazari, hatua 5 hadi 7 zinazoongeza kasi. Akanyage umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ufito: akikaribia mno ataugonga akipanda, akiwa mbali ataukalia akishuka. Mguu wa ndani upande kwanza umenyooka, wa nje ufuate, atue kwa miguu, wima.

2. Mchanga uchimbuliwe kwa jembe kabla ya kila zoezi, mtoe makombe na vipande vya matumbawe, na mrudie kila baada ya miruko michache kwa sababu hushindiliwa upesi. Pale pa kurukia pawe pagumu. Wengi hufanya kinyume: mtoto anazama akiruka, kisha anatua juu ya sakafu.

3. Fito za mikoko ni za kujengea nyumba. Ni nzito, zimepinda, na humwumiza anayezikosa. Kwa mazoezi, kateni mpira wa ndani wa baiskeli utepe mwembamba, mfunge baina ya nguzo. Siku ya mashindano tumieni ufito wa mita 4 usiozidi kilo 2, ulale wazi, usifungwe. Upepo ukiuangusha baada ya mtoto kuvuka salama, mruko ni halali. Waamuzi wetu wengine husahau, kwa hiyo semeni palepale, kwa adabu.

4. Ncha za mtandio ziingie ndani ya kola, kwani nguo ikiuangusha ufito ni kosa.

5. Hesabuni makosa. Kule London Mwingereza Dorothy Tyler naye alivuka 1.68, ila kwa jaribio la pili. Coachman alivuka kwa la kwanza. Hiyo tu ndiyo iliyotenga dhahabu na fedha. Uchungu zaidi ni kwamba Tyler, mwaka 1936 Berlin, akiwa na miaka 16, alikuwa yeye aliyevuka 1.60 kwa jaribio la kwanza. Wakati ule sare iliamuliwa kwa kuruka tena, akashindwa na Ibolya Csák wa Hungaria. Kwa kanuni za leo dhahabu ile ingekuwa yake. Basi msimwambie mtoto “una majaribio matatu, usijali.” Mwambieni ajali lile la kwanza, hata ufito ukiwa chini ya uwezo wake. Na mpeni karatasi ya alama aisome mwenyewe, ajue amekosa mara ngapi na mwenzake mara ngapi, kabla ufito haujapandishwa tena.