Barua kwa mwanangu: bunduki ya kuwindia kwale

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unaniuliza uchukue shotigani ya geji 12 au ya geji 20, yaani ya mtutu mpana au ya mwembamba zaidi, kwa ajili ya kwale, na risasi zipi, halafu ukatania kwamba baba lazima atasema 12 kwa kuwa ndiyo aliyozeeka nayo. Hapo umenikosea. Ningekuwa naanza leo, ningechukua 20.

Ile 12 yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na aliyeniuzia alinisifia kwamba inafika mbali. Kufika ilifika, lakini kwale haruki mbali. Anajibana nyasini mpaka karibu umkanyage, halafu anachomoka kwa kishindo cha mabawa, nawe una sekunde mbili hivi. Siku hiyo nilitembea tangu alfajiri mikono ikafa ganzi. Wa kwanza aliporuka, bunduki ilifika begani yeye ameshapita nyuma ya kichaka. Wa pili nilimpata hatua kama kumi na tano tu, na nilipomwokota nilishika manyoya na vipande vya mifupa. Sikuwa na cha kupeleka nyumbani. Choki ilikuwa imebana mno, kwa hiyo marisau, zile punje ndogo zilizomo ndani ya risasi, yalimfikia yakiwa bado fungu moja.

Choki ni kule kubanwa kwa mdomo wa mtutu. Iliyobana kabisa hupungua kama milimita moja, iliyo wazi kama robo ya milimita. Kwa kwale taka iliyo wazi. Na namba ya geji isikuchanganye kwa kwenda kinyume: tufe 12 za madini ya risasi zenye upana wa mtutu wa 12 zinatimiza ratili moja, za mtutu wa 20 zinahitajika 20, ndiyo maana ni mwembamba zaidi.

Lakini kabla ya geji, angalia kitako. Hakikisha kwanza bunduki ni tupu. Fumba macho, iinue, laza shavu, kisha fumbua. Ukiona mtutu mzima umelala mbele yako kama barabara, utapiga juu. Ukiona chuma cha nyuma tu na kishanga cha kulengea cha mbele kimefichika, kitako kiko chini mno kwako. Kwenye shotigani jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma, hivyo shavu likihama, marisau nayo yanahama. Wewe una mikono mifupi kuliko yangu. Kitako changu kitakunasa kwapani kila mara. Usiazime, na usinunue ambayo hujaiinua mara ishirini.

Napenda yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Ukiivunja, yaani ukiikunja katikati ifunguke, hata aliye mbali anaona kwamba haina kitu, nami nikitembea na mtu nataka kuona hivyo. Nusu otomatiki zina watu wake, sibishani nao.

Risasi: kwa 20, gramu 25 za marisau namba 7½ zinatosha. Hizo ni punje kama 300 za milimita 2.4. Msimu ukisonga ndege huwa waoga na kuruka mbali zaidi, basi panda ukubwa hadi namba 6, milimita 2.8; namba ikishuka, punje inakua. Soma milimita kwenye boksi, maana namba hazilingani nchi zote. Ukilazimika kutumia marisau ya chuma, ongeza ukubwa kwa namba mbili kwa sababu chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi, na usiyapitishe kwenye bunduki kuukuu. Urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, nao umeandikwa ubavuni mwa mtutu. Risasi ya milimita 76 inaingia vizuri tu kwenye chemba ya 70, kwa sababu mdomo wake bado umekunjwa; ukifyatua ndipo unapofunguka na kukosa nafasi, na shinikizo linapanda.

Sasa jambo linaloninyima usingizi: wewe utakuwa na 20, mimi nina 12. Risasi ya 20 ikiingia mtutu wa 12 haitoki upande wa pili, inateleza na kunasa mbele ya chemba. Ukichungulia harakaharaka unaona patupu, unaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo sababu za 20 hutengenezwa za manjano. Siku tukienda pamoja, hakuna kubebeana risasi, hata moja.

Ukishapata bunduki, njoo na boksi mbili za viwanda tofauti. Mtutu uleule hupenda moja na kuikataa nyingine. Tutachora duara la sentimita 75 kwenye karatasi, tupige kutoka mita 25, tuhesabu matundu na kuona kama kuna pengo la kupitisha kwale mzima. Karatasi ninazo.

Baba yako