Kujua nani anamiliki eneo gani uwanjani: anza na spidi, michoro baadaye

Mkuu umeuliza kama ukiwa na nafasi za wachezaji wote 22 inatosha kugawa uwanja kwa kuangalia tu nani yuko karibu na kila sehemu. Kwa picha ya kurusha status inatosha, ila kujua eneo ni la nani kweli hapana, na mimi nilianzia hapohapo nikapoteza kama wiki mbili.

Hiyo ya "nani yuko karibu" ndo Voronoi, kila mtu anapewa kipande chake kama viwanja vilivyopimwa. Kwenye Python (lugha ya kuandikia programu) ukitumia scipy, maktaba yake ya hesabu, inakutolea fasta, ila vipande vya pembeni vinaenda bila mwisho mpaka jukwaani huko. Dawa yake kila mchezaji mwekee pacha wake ng'ambo ya kila mstari, kama yuko kwenye kioo, vipande vinakatika vyenyewe kwenye chaki.

Ugonjwa wenyewe ni kwamba Voronoi inadhani wote wamesimama. Chukulia pasi ya upenyo inadondoka nyuma ya beki, beki yuko mita 12 toka hapo kasimama, straika yuko mita 14 ila anakuja tayari na mita 7 kwa sekunde. Voronoi inampa beki. Sasa piga hesabu kwa muda badala ya umbali, kila mtu mpe sekunde 0.7 za kushtuka ambazo anaendelea na mwendo aliokuwa nao, halafu aende moja kwa moja kwa mita 5 kwa sekunde. Straika kwenye hiyo 0.7 keshakula mita 4.9, zimebaki 9.1, jumla sekunde 2.5 hivi. Beki anatumia 3.1. Aliyewahi kucheza namba nne anajua hiyo nusu sekunde inaishia wapi.

Hizo 0.7 na 5 sijatunga, ziko kwenye kodi ya programu (code) ya 2020 ya Laurie Shaw, mchambuzi wa data za mpira, naye kajengea juu ya kazi ya William Spearman, jamaa aliyetoka kwenye fizikia ya CERN, ile maabara kubwa ya Ulaya, akaishia klabu ya Liverpool. Utamu wake ni kwamba Spearman hakugawii kwa mstari mkali, anakupa uwezekano, so pale wanapopishana kidogo tu panakuwa karibu nusu kwa nusu, na muda wa mpira wenyewe kufika anauhesabu pia.

Kilichonitesa mimi sio fomula, ni spidi. Data ya bure ya nafasi za wachezaji toka kampuni ya Metrica ina fremu (picha) 25 kwa sekunde, yaani fremu hadi fremu ni sekunde 0.04, nafasi ikikosewa sentimita 20 tu ushapata spidi hewa ya mita 5 kwa sekunde, ramani yangu ilikuwa inachezacheza kama taa za disko. Nikalainisha kwa wastani wa fremu 7, kinachozidi mita 12 kwa sekunde nikatupa, ikatulia. Na kipindi cha pili timu zinabadilishana magoli, mimi nilisahau kugeuza nikashinda siku nzima nashangaa kipa anatawala boksi la wapinzani.

Usihesabu mechi nzima pia, dakika 90 ni fremu 135,000 na kila fremu ukiikata vyumba 50 kwa 32 ni vyumba 1,600, laptop itakuchoma mapaja. Chagua pasi unazozitaka.

Kama unataka ya huku kwetu, mimi nilirekodi ndondo ya mtaani kwa simu toka juu ya ghorofa, nikabonyeza wachezaji mmoja mmoja kwa mkono, sekunde 10 tu zilinila usiku mzima, halafu nikatumia kona nne za boksi kugeuza picha kuwa mita. Urefu wa boksi toka mstari wa goli nikaweka mita 16.5 za kitabuni. Matokeo yake beki wetu wa kulia, mzee mwenye kitambi chake, anakimbia mita 10 kwa sekunde, na Bolt siku ya 9.58 pale Berlin wastani wake ulikuwa 10.4! Jumapili nikaenda na tepu, kumbe aliyechora boksi alipima kwa hatua, lilikuwa mita 13 na kidogo, na upande wa pili lina urefu wake tofauti kabisa. So kapime kwanza, magoli yote mawili.